MASHUJAA WA KATUNI WAKUTANA MPAKANI BUSIA

Nani awasimulie watoto wetu, na nani awachoree?

Kila zama zina mashujaa wake, na kila mtoto hutafuta mtu wa kumtazama kwa jicho la kustaajabu. Wazee wetu wa pwani walilelewa kwa habari za Fumo Liyongo, za Abunuwasi na za Sindbad baharia. Mtoto wa siku hizi, awe Lamu, Mombasa, Tanga au Busia, huanza na Spider-Man arukaye juu ya maghorofa, na Batman avaaye joho jeusi usiku. Mwulize Superman alitoka sayari gani, atakujibu bila kufikiri. Mwulize Liyongo aliuawa kwa nini, atakutazama tu.

Wako wazee wanaoliona jambo hili kuwa ni upuuzi wa watoto usiostahili hata kutiwa gazetini. Sisi hatukubaliani nao. Hadithi ya shujaa ndiyo shule ya kwanza ya mtoto. Humo ndimo ajifunzapo nani ni mwema na nani ni mwovu, nguvu ni za kazi gani, na mtu mwenye sura kama yake ana nafasi gani duniani. Kwa hiyo leo tumeamua kuzipima hadithi hizi za picha na filamu za katuni, za kigeni na za kwetu, na tumechagua kuzitazama kutoka mpakani.

KWA NINI BUSIA?

Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mwingine Uganda. Kaskazini yake iko Malaba, ambako reli itokayo Mombasa huvuka kuingia Uganda na ambako malori ya bandari ya Kilindini hupanga foleni baada ya safari ya zaidi ya kilomita 900. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni mwezi wa Februari 2018, ili msafiri amalize shughuli zake mahali pamoja. Lakini yako mambo mengi ambayo tangu hapo hayakungoja kugongewa muhuri. Neno bodaboda, ambalo leo latumika Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa huku huku mpakani, pale vijana wa baiskeli walipowabeba abiria kutoka kizuizi cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Ikiwa neno laweza kuvuka juu ya baiskeli, hadithi nayo yavuka bila taabu.

Wala msomaji wa pwani asidhani kwamba Busia ni ugenini kwake. Misafara ya Waswahili ilipita nyanda hizi katika karne ya 19 ikielekea Buganda, na Mumias, mji wa Nabongo Mumia, ulikuwa kituo chao kikubwa. Dini, vazi la kanzu na lugha hii tuandikayo vilifika huko kwa njia hiyo. Kwa hiyo tukizungumza habari za Busia tunazungumza habari za ndugu na majirani.

MSIMULIZI NDIYE NYOTA

Jambo la kwanza la kustaajabisha kwa mtu atazamaye filamu katika pande hizi ni kwamba mara nyingi sauti anayoisikia siyo ya wachezaji. Ni sauti ya msimulizi. Nchini Uganda watu hawa huitwa VJ, na kazi yao ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati video zilipoenea na watazamaji wengi walipokuwa hawafahamu Kiingereza wala Kichina. Msimulizi huipunguza sauti ya filamu, akashika kinasa sauti na kuieleza hadithi kwa Kiganda. Hutafsiri, hufafanua, hutabiri, hutia mzaha, na mara nyingine humpa mchezaji wa Hong Kong jina la mtu wa Kampala. Majumba hayo ya kuonyeshea video Waganda huyaita bibanda, na msomaji ataona mara moja kwamba neno hilo ni kibanda chetu kilichovaa nguo za Kiganda. Wasimulizi kama VJ Jingo wamepata sifa kuliko wachezaji wenyewe.

Upande wa Kenya, aliyejijengea jina katika kazi hiyo ni DJ Afro, ambaye husimulia kwa Kiswahili cha mitaani. Tanzania nayo ilikuwa na Lufufu, ambaye jina lake kamili ni Derek Gaspar Mukandala. Yeye aliisimulia hata Titanic kwa Kiswahili hadi mtazamaji akadhani meli ile ilizama karibu na hapa. Basi mtu akaaye mpakani amesimama kati ya sauti hizi. Filamu ile ile ya shujaa arukaye angani yaweza kumfikia kwa Kiganda kutoka mashariki ya Uganda, au kwa Kiswahili kutoka Nairobi.

Je, jambo hili ni jema? Kuna wasomi wanaolidharau, wakisema kwamba msimulizi huiharibu kazi ya mwenye filamu. Sisi twaona kwamba si jambo geni hata kidogo. Katika majumba ya sinema ya zamani ya pwani, kama Regal na Naaz mjini Mombasa na Majestic mjini Unguja, watazamaji wa filamu za Kihindi walikuwa wakielezana hadithi huku picha inaendelea. Na kabla ya sinema, bibi alipotoa ngano jioni hakuisoma kama ilivyoandikwa, bali aliipinda kwa kadiri ya wajukuu walioketi mbele yake. Msimulizi wa video ni mjukuu wa bibi yule, aliyeshika kinasa sauti badala ya kukuna nazi.

Faida yake kubwa ni kwamba humshusha shujaa wa kigeni kutoka mawinguni. Superman anayesimuliwa Kizungu ni mtu wa kuabudiwa, lakini Superman anayesimuliwa na kijana wa mtaani hutaniwa, huulizwa kwa nini kavaa chupi juu ya suruali, na huonywa kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Mtazamaji hacheki kwa ujinga. Hucheka kwa sababu amepewa ruhusa ya kuihukumu picha ile. Hiyo ndiyo elimu ya uhakiki, ingawa haitolewi chuoni.

Lakini hasara nazo zipo, na haifai kuzificha. Kwanza, baadhi ya wasimulizi hutia matusi na maneno ya chumbani hata katika filamu za katuni zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo. Mzazi aonapo picha ya samaki au panya juu ya ganda hudhani hamna neno, kumbe sauti iliyomo ndani si ya watoto. Pili, kuna haki ya mwenye mali. Filamu iliyonakiliwa bila ruhusa, hata ikisimuliwa kwa ufundi, imechukuliwa bila idhini ya aliyeifanyia kazi. Twaweza kusema kwamba Hollywood ni tajiri na haitalia, lakini dau lile lile ndilo lipakialo kazi za vijana wetu wa Nairobi na Kampala, ambao wao hulia.

KABLA YA VIDEO KULIKUWA NA KARATASI

Wasomaji wenye umri watakumbuka kwamba mashujaa wa picha hawakuja na video. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilienea jarida la African Film, la kampuni ya Drum, lililotengenezwa kwa picha za kamera badala ya michoro. Shujaa wake aliitwa Lance Spearman, Mwafrika mpelelezi aliyevaa kofia ya panama na kuvuta sigara, akiwakamata wahalifu wakubwa bila kumwomba mzungu msaada. Leo twaweza kumcheka kwa ulevi wake na majivuno yake, lakini kwa kijana wa wakati ule, aliyezoea kumwona Mwafrika akibeba mizigo ya Tarzan, lilikuwa jambo kubwa kumwona mweusi akiendesha gari la kifahari na kutoa amri.

Tanzania ilijibu kwa jarida lake la Film Tanzania, na baadaye Sani, ambalo jina lake limeunganishwa kutoka majina ya waanzilishi wake wawili, Said Bawji na Nico ye Mbajo. Marehemu Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 angali kijana, alikuwa mmoja wa wachoraji waliolipa Sani uhai. Nchini Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo mingi, na jina lenyewe Juha twalijua limetoka katika hekaya za Waarabu. Hao wote, tukitazama vizuri, si mashujaa wa mabavu. Ni watu wa mtaani, wajanja au wajinga, wenye njaa na madeni. Mchoraji wa Afrika Mashariki amependelea siku zote kumchora mtu anayeshindwa kulipa kodi ya nyumba kuliko mtu anayeinua gari kwa mkono mmoja.

Aliyejaribu kuchora mashujaa wa nguvu ni Terry Hirst, Mwingereza aliyehamia Kenya, ambaye pamoja na Hilary Ng'weno alianzisha jarida la Joe mwaka 1973. Katika miaka ya 1980 Hirst alitoa mfululizo wa vitabu vya picha ulioitwa Pichadithi, yaani picha na hadithi, na humo akamtia Lwanda Magere wa Waluo na hata Abunuwasi wetu. Vitabu vile vilikuwa vyembamba, vya bei ya chini, na mtoto aliweza kukimaliza kimoja kabla ya adhana ya magharibi. Ilikuwa ni mbegu njema, ila haikupata wakulima wengi wa kuiendeleza.

Mwaka 2010 likaja Shujaaz, jarida la picha lililotolewa bure ndani ya gazeti la Jumamosi jijini Nairobi, kwa lugha ya Sheng. Kijana wake mkuu, Boyie, hana uwezo wa kuruka. Amejitengenezea kituo cha redio chumbani mwake na kuwapa vijana wenzake maarifa ya kujipatia riziki. Maarifa mojawapo yaliyopata sifa ni kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue kuwa ni chakula. Mwaka 2012 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Hapa nasi twatoa heko, ingawa twamwonea huruma mwalimu wa Kiswahili ambaye wanafunzi wake wamejifunza sarufi kwa Boyie.

MASHUJAA WATATU, SIRI MOJA

Sasa tufike penye kiini cha maneno yetu. Mtu akisimama Busia na kutazama pande tatu, ataona mashujaa watatu wa kale. Mashariki, mbali kabisa, penye Mto Tana na visiwa vya Lamu, yuko Fumo Liyongo. Karibu naye, kusini katika nchi za Waluo, yuko Lwanda Magere. Na magharibi, ng'ambo ya mpaka, yuko Kibuka wa Buganda. Watu hawa hawakukutana, na waliowasimulia hawakusomeana vitabu. Hata hivyo habari zao zafanana kama maji na maji.

Liyongo alikuwa mtu wa kimo kirefu na mshairi mkubwa, na silaha hazikumdhuru. Alipofungwa gerezani, mama yake alimpelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, naye akakata pingu huku ngoma na nyimbo zikiifunika sauti ya chuma. Mauti yake yalikuwa katika sindano ya shaba kuchomwa kitovuni, siri ambayo mwanawe mwenyewe aliichimba na kuitumia kwa tamaa ya kuozwa binti mfalme. Na hata alipokufa alipiga goti na upinde mkononi, watu wa mji wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai.

Lwanda Magere mwili wake ulikuwa kama jiwe, na mikuki ya adui iligonga ikaanguka. Maadui zake, baada ya kushindwa vitani, walimwoza binti yao. Siku alipougua, alimwambia mkewe amchanje dawa katika kivuli, si mwilini, na damu ikatoka kivulini. Mke akakimbia usiku kuwapa habari watu wake. Katika vita vilivyofuata walikichoma mkuki kivuli, na shujaa akageuka jiwe.

Kibuka naye, kwa masimulizi ya Waganda, alipigana akiwa juu mawinguni, akiwamiminia mishale Wanyoro wasijue yatokako mauti. Mwanamke mateka aliigundua siri hiyo, akatoroka na kuwaambia watu wake watazame juu. Wakalipiga mishale wingu, naye akaanguka juu ya mti. Kwamba watu wa kale walimfanya kuwa mungu wa vita, hilo Mwislamu halikubali na wala halihitaji. Lakini kama ngano, ni ngano ya mtu arukaye iliyokuwapo karne nyingi kabla ya Marekani kumchora Superman mwaka 1938.

Tumlinganishe basi na huyo Superman. Waliomtunga, Jerry Siegel na Joe Shuster, walimpa nguvu, na nguvu zile zikazidi kuongezwa hadi ikawa vigumu kuitunga hadithi yake. Mtu asiyeweza kudhurika hana la kumtia msomaji wasiwasi. Ndipo mwaka 1943, katika mchezo wa redio, akazuliwa udhaifu wa jiwe liitwalo kryptonite, ambalo likafika katika vitabu vyake vya picha mwaka 1949. Jambo ambalo Wamarekani walilihitaji baada ya miaka mitano, wazee wetu walilijua tangu mwanzo. Shujaa asiye na kitovu, asiye na kivuli, hana hadithi.

Na tofauti nayo ni kubwa. Udhaifu wa Superman ni jiwe litokalo nje. Udhaifu wa mashujaa wetu hufunguliwa na mtu waliyemwamini, nyumbani mwao. Hilo ni funzo la watu wazima, na ndilo litufanyalo tuseme kwamba ngano hizi zina uzito kuliko vitabu vingi vya rangi vitokavyo ng'ambo.

Hata hivyo yafaa tuwe waangalifu. Katika visa viwili kati ya vitatu, anayetoa siri ni mwanamke wa taifa la pili. Mtoto wa Nairobi aweza kukisikia kisa hicho akasinzia. Lakini Busia, ambako Wasamia na Wateso wako pande zote mbili za mpaka na harusi huvuka kila siku, kuna watoto ambao mama zao ndio hao wa upande wa pili. Msimulizi au mchoraji atakayekileta kisa cha Lwanda Magere au cha Kibuka kwa watoto hao na akaishia kusema kwamba mke wa kigeni ni jasusi, atakuwa ametia sumu katika uji. Kisa cha Liyongo kinasaidia kuponya. Huku aliyemwua ni damu yake mwenyewe, kwa ahadi ya cheo. Basi visa vitatu vikisimuliwa pamoja, mtoto ataelewa kwamba kinachovunja amana ni tamaa na hofu, wala si kabila la mtu. Hiyo ni sababu moja ya kutaka ngano za pwani zifike mpakani na za mpakani zifike pwani.

RASI 'LGHULI WA KWETU NA WA KWAO

Wako pia wageni ambao tunawajua bila kujijua. Mwaka 1971 vitabu vya Batman vilimleta adui mpya aitwaye Ra's al Ghul, mzee wa siri atakaye kuitakasa dunia kwa kuwaua watu. Vijana wetu wamemwona katika filamu, nao wadhani jina hilo lilitungwa New York. Kumbe pwani yetu ina Utenzi wa Rasi 'lGhuli, uliotungwa na Mgeni bin Faqihi, wenye beti zaidi ya 4,000, ambao ulichapishwa kitabuni Dar es Salaam mwaka 1979. Humo mwanamke aliyedhulumiwa huenda Madina kutaka haki, na Sayyidna Ali na wenzake husafiri kumkabili jeuri yule.

Hatusemi kwamba Wamarekani walituibia. Jina hilo ni la Kiarabu, nao walilichukua huko. Tunalosema ni kwamba kijana wa Mombasa ambaye amelijua jina hili kwa Batman peke yake amepitia mlango wa jirani kuingia nyumbani kwao.

FILAMU MPYA ZA KIAFRIKA

Mambo yameanza kubadilika, na haki itendeke kwa waliobadilisha. Mwaka 2010 ilitoka Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi kwa kufuata mtindo wa uchoraji wa marehemu Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania. Mwaka 2014 Watanzania wa Ubongo walianza kuonyesha katuni za hesabu na sayansi kwa Kiswahili safi, na zikavuka mipaka. Julai 2023 ilitoka Supa Team 4, iliyobuniwa na Malenga Mulendema wa Zambia, ambamo wasichana wanne wa Lusaka huokoa mji wao baada ya masomo. Huu ni mchezo wa furaha, wenye rangi nyingi, na kitu kinachopendeza ndani yake ni kwamba mashujaa hao wana matatizo ya nauli na ya ada.

Mwezi huo huo wa Julai 2023 ilitoka Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi kumi za katuni kutoka nchi sita za Afrika. Jina ni la Kiswahili, ingawa mazungumzo mengi si ya Kiswahili. Mganda Raymond Malinga ametoa humo Herderboy, habari ya mtoto atakaye kujiunga na wachunga ng'ombe wenye viungo vya mitambo, na ambaye msituni hukutana na pepo mbaya na kujifunza maana ya kujitolea. Kwa maoni yetu hii ni kazi nzuri kweli kweli. Ng'ombe wenye pembe ndefu, vilima na wachungaji ni vya Uganda hasa, na hakuna aliyevipaka rangi ili kumpendeza mtalii. Upungufu wake ni ufupi, maana hadithi inakwisha pale mtazamaji anapoanza kuwafahamu watu wake.

Mkenya Ng'endo Mukii naye ametoa Enkai. Picha zake zavutia kuliko zote katika mkusanyiko, zikiwa na sura kama ya vitu vilivyoshonwa na kuchongwa kwa mkono, na kilio chake juu ya dunia inayochafuliwa ni kilio cha haki. Lakini Enkai ni jina ambalo Wamasai humwitia Mungu, na hapa limepewa mtoto wa katuni mwenye uwezo wa kuumba. Mzazi Mwislamu hapa atasita, na anayo haki ya kusita. Kasoro kama hiyo iliwahi kufanywa na Wamarekani mwaka 1975, walipomleta Storm, mwanamke wa asili ya Kenya atawalaye mvua, wakamchora akiabudiwa na wanavijiji wa Kenya. Mukii anazungumza kutoka ndani ya nchi yake na kwa heshima. Wale walizungumza kutoka mbali. Tofauti hiyo ni kubwa na tunaikiri. Hata hivyo mtoto aambiwe wazi kwamba kuumba ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake, na hii ni picha.

Kitu kimoja kinauma. Kizazi Moto ilipotoka, huduma ya Disney+ inayoionyesha haikuwa imefunguliwa rasmi Kenya wala Uganda. Yaani filamu ya mtu wa Kampala ilitazamwa kwa halali London na Chicago, lakini mtu wa Busia, aliye karibu na nchi hiyo iliyochorwa, hakuwa na mlango halali wa kuingilia. Halafu tunashangaa kwa nini watu hununua nakala za wizi! Mwenye duka anayefunga mlango asistaajabu kuona dirisha limevunjwa. Mwaka uliofuata, 2024, ikatoka Iwájú, habari za Lagos ya siku zijazo, iliyofanywa na kampuni ya Kugali, ambayo mmoja wa waanzilishi wake watatu ni Hamid Ibrahim wa Uganda. Kipaji basi tunacho. Tulichokosa ni njia ya kukirudisha nyumbani.

NA MASHUJAA WA KIISLAMU?

Wasomaji wengi watauliza kama kuna mashujaa wa picha wanaotokana na dini yetu. Wapo. Mwaka 2006 Naif al-Mutawa wa Kuwait alianzisha The 99, ambamo kila shujaa ana sifa moja iliyochukuliwa kutoka majina tisini na tisa ya Mwenyezi Mungu. Nia ilikuwa njema, lakini wanazuoni wakuu wa Saudi Arabia waliikataza mwaka 2014 kwa sababu ya sifa hizo kupewa viumbe. Mwaka huo wa 2014 Marekani nayo ilimpa kitabu chake mwenyewe Kamala Khan, msichana Mwislamu wa asili ya Pakistani, anayepigana na maadui barabarani na mama yake nyumbani. Mwaka 2015 ikatoka Dubai filamu ya katuni juu ya Bilal.

Kati ya hizo, filamu ya Bilal ndiyo iliyo karibu nasi zaidi, maana shujaa wake ni mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, na nguvu zake ni sauti na imani. Haitaji joho wala jiwe la kijani.

KUKATAZA AU KUCHORA?

Yako maoni kwamba dawa ni kukataza. Serikali imejaribu. Mwaka 2017 Bodi ya Kuainisha Filamu nchini Kenya iliagiza vipindi sita vya katuni za kigeni viondolewe katika televisheni za kulipia, kwa hoja ya maadili. Kila mzazi ana haki ya kuchagua kinachoingia nyumbani mwake. Lakini anayelijua soko la mpakani anajua pia kwamba kitu kilichokatazwa Nairobi hutiwa katika kijidude kidogo kuliko ukucha, kikavuka mpaka mfukoni mwa shati. Marufuku humzuia mwenye televisheni. Hayamzuii mwenye simu.

Sisi twaona kwamba zipo njia tatu zilizo bora. Ya kwanza ni mzazi kuketi na mtoto wake, walau kwa filamu moja kwa juma, akafanya ile kazi ya VJ: aeleze, aulize, atanie. Ya pili ni kwa wasimulizi wenyewe, ambao wana masikio ya vijana kuliko mwalimu na kuliko sisi waandishi. Filamu iwapo ni ya watoto, ndimi zao na ziwe za watoto. Ya tatu ni kwa wachoraji na washairi wa pwani. Liyongo anangoja tangu enzi za mababu. Ana mkate wenye tupa, ana gereza, ana ngoma ya gungu, ana kisima na watu wenye hofu. Mchoraji gani wa Marekani hatatoa mkono wake wa kushoto apate hadithi kama hiyo?

Malori hupanda kutoka Kilindini kila siku yakiwa yamejaa mafuta, saruji na mitumba, yakafika Malaba na Busia. Kati ya shehena hiyo ingefaa kuwe na sanduku moja la vitabu vya picha vya pwani, na lori linaporudi lije na Lwanda Magere na Kibuka. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Basi kwanza acheze.